Simu, Ufunguo na Bomu: Historia Fupi ya Taharuki Katika Filamu

Katika madarasa yetu ya fasihi neno taharuki limekwisha kuwa la kawaida. Mwanafunzi akiulizwa maana yake hujibu upesi kwamba taharuki ni hamu ya kutaka kujua litakalotokea, na kwamba mwandishi huizalisha kwa kuficha mambo. Jibu hilo huandikwa daftarini, hukaririwa, na hupata alama katika mtihani. Walakini ni nusu tu ya ukweli. Makusudio ya insha hii ni kuonyesha, kwa kufuata historia ya filamu za kusisimua, kwamba taharuki iliyo kuu haizaliwi na yale ambayo mtazamaji hayajui, bali na yale anayoyajua ilhali mhusika hayajui.

Huenda mwenzangu akauliza mwalimu wa lugha ana haja gani na mambo ya sinema. Haja ipo, tena ni kubwa. Wengi wa wanafunzi wetu hutazama hadithi nyingi kuliko wanazosoma. Zaidi ya hayo, filamu ina faida moja kwa mwenye kufundisha: ndani yake maarifa ya mtazamaji yaonekana waziwazi. Twaweza kusema ni kitu gani kimeonyeshwa, kimeonyeshwa wakati gani, na kamera ilisimama upande wa nani. Katika maandishi mambo hayo hayo yapo, lakini yamejificha ndani ya sentensi, na mwanafunzi hayaoni mpaka aonyeshwe.

Mbegu ya kwanza

Tarehe 28 Desemba 1895, katika chumba cha chini cha mkahawa mmoja mjini Paris, ndugu wawili, Auguste na Louis Lumière, walionyesha filamu 10 mbele ya watu 33 waliolipa kiingilio. Hakuna hata moja iliyofika dakika moja kamili. Kamera iliwekwa mahali pamoja na kuachwa hapo. Nyingi zilikuwa picha za mambo ya kila siku: wafanyakazi wakitoka kiwandani, mtoto mchanga akilishwa na wazazi wake. Lakini moja ilikuwa na kisa. Mtunza bustani anamwagilia maji kwa mpira. Kijana mtundu anamnyemelea kwa nyuma na kuukanyaga mpira, maji yakakatika. Mtunza bustani anauinua mdomo wa mpira ili auchungulie. Kijana anaondoa mguu, na maji yanamrukia yule mtu usoni.

Ni kichekesho tu. Hata hivyo, mtazamaji alimwona kijana, na mtunza bustani hakumwona. Kwa sekunde chache watu wale 33 walijua jambo ambalo mtu wa pichani hakulijua, nao wakangoja. Tukiweka kisu mahali pa mpira wa maji, kichekesho chageuka kuwa taharuki. Mbegu, basi, ilikuwapo tangu siku ya kwanza.

Mbegu hiyo ilichukua muda kuota. Mwaka 1903 mwongozaji wa Kimarekani, Edwin S. Porter, alitoa filamu juu ya wazimamoto wanaomwokoa mama na mtoto wake katika nyumba inayoungua. Namna alivyoisimulia yatushangaza leo. Kwanza alionyesha uokoaji wote kutoka ndani ya chumba, mpaka mama na mtoto walipokwisha kutolewa. Kisha akaurudia uokoaji ule ule tangu mwanzo, safari hii kutoka nje. Mtazamaji wa sehemu ya pili alikuwa amekwisha kujua mwisho, hakubaki na la kungojea. Hapa yatupasa kutofautisha maarifa ya namna mbili: kujua hatari na kujua matokeo. Taharuki hutaka lile la kwanza litolewe mapema na lile la pili lizuiwe mpaka dakika ya mwisho. Porter aliyatoa yote mawili kwa pamoja.

Simu na mbio za kuokoa

Ufumbuzi ulikuja kwa njia ya simu. Mnamo 1901 tamthilia ya André de Lorde iitwayo Au téléphone ilichezwa mjini Paris. Mtu yuko mbali na nyumbani kwake, anazungumza na mkewe kwa simu. Katikati ya mazungumzo wauaji wanaingia nyumbani, naye anabaki ameshika chombo sikioni, akisikia jamaa zake wakiuawa wala hana la kufanya. Jukwaa liliweza kumwonyesha mume peke yake. Filamu iliweza kuonyesha ncha zote mbili za waya.

Mwaka 1909 D. W. Griffith, naye Mmarekani, alitengeneza filamu fupi iitwayo The Lonely Villa, yaani Nyumba ya Upweke. Majambazi wanamtoa mwenye nyumba kwa hila, kisha wanaanza kuvunja mlango. Mama na binti zake wamo ndani, wanaukinga mlango kwa viti na meza. Baba, ambaye gari lake limeharibika njiani, anapiga simu nyumbani na kuisikia hatari. Mara waya unakatwa. Kuanzia hapo filamu inarukaruka: majambazi mlangoni, mama chumbani, baba barabarani, majambazi tena, mama tena. Kila kipande hukatwa kabla tendo halijakamilika. Baba hajui mlango umevunjika kiasi gani. Mama hajui baba amefika wapi. Ni mtazamaji peke yake anayeona pande zote tatu.

Mwalimu wa sarufi atalitambua mara moja jambo lililotokea kati ya 1903 na 1909. Porter alijua neno "kisha". Griffith alilizoeza neno "huku": huku mlango unavunjwa, huku baba anakimbia. Kwa neno hilo moja dogo filamu ilipata uwezo wa kumtesa mtazamaji kwa maarifa yake mwenyewe.

Miaka minne baadaye, mwaka 1913, mwanamke mmoja aliipeleka mbinu hiyo mbele zaidi. Lois Weber, akishirikiana na mumewe Phillips Smalley, alitoa filamu ya dakika kama 10 aliyoipa jina Suspense, ambalo ndilo neno la Kiingereza la taharuki yenyewe. Mtumishi anaacha kazi bila kuaga ana kwa ana, anaweka ufunguo wa nyumba chini ya zulia dogo la mlangoni, na kwenda zake. Ndani amebaki mama na mtoto wake mchanga. Sisi twaujua ufunguo; mama haujui. Mzururaji anapoikaribia nyumba twaanza kuomba asiinue zulia lile. Kisha Weber aliigawa picha katika pembe tatu, akaonyesha kwa wakati mmoja mke akipiga simu, mume akisikiliza ofisini, na mzururaji akiingia. Katika kipande kingine kamera imewekwa dirishani juu, inatazama chini alipo mzururaji. Naye anainua uso polepole mpaka macho yake yanakutana na yetu. Si mama tu aliyegunduliwa, bali hata sisi tuliokuwa tukichungulia.

Anayegawa maarifa hugawa huruma

Kufikia hapa yaweza kudhaniwa kwamba tunazungumzia ufundi mtupu, kama ufundi wa seremala. Sivyo. Mwaka 1915 Griffith huyo huyo alitoa filamu ndefu iitwayo The Birth of a Nation, juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani na miaka iliyofuata. Kileleni mwa filamu alitumia mbinu ile ile ya Nyumba ya Upweke: watu wamezingirwa katika kibanda, mlango unakaribia kuvunjwa, huku waokoaji wanakuja mbio juu ya farasi. Ila safari hii waliozingira ni Waafrika wa Marekani, wengi wao wakiigizwa na Wazungu waliopakwa rangi nyeusi, na waokoaji ni Ku Klux Klan, kundi la wauaji lililowatia hofu watu weusi baada ya kukomeshwa utumwa. Chama cha kutetea haki za watu weusi, NAACP, kiliipinga filamu hiyo katika miji mingi. Hata hivyo ilitazamwa na watu wengi sana, na mwaka huo huo wa 1915 kundi la Klan, lililokuwa limekwisha kufa, lilianzishwa upya katika jimbo la Georgia. Baadaye kundi hilo liliitumia filamu hiyo kujipatia wanachama.

Tuliangalie jambo hili kwa makini. Mtazamaji anayemngojea mpanda farasi afike hakuulizwa kama anakubaliana naye. Alionyeshwa uso wa aliyezingirwa kwa karibu, akanyimwa uso wa aliye nje. Akaonyeshwa saa ya hatari, akanyimwa sababu zake. Moyo ukaenda mbio kwanza, akili ikafuata nyuma, au haikufuata kabisa. Anayegawa maarifa ndiye anayegawa huruma. Kwa ajili hiyo nasema kwamba kumfundisha kijana namna taharuki inavyotengenezwa si pambo la somo la fasihi. Ni kumpa kinga.

Sahani tupu

Sauti ilipoingia katika filamu, wapo waliodhani kwamba sasa kila kitu kitasemwa. Fritz Lang alifanya kinyume katika filamu yake M, iliyotolewa Ujerumani mwaka 1931. Muuaji wa watoto yumo mjini Berlin. Mama anaandaa chakula na kumngojea bintiye, Elsie, arudi kutoka shuleni. Sisi tumekwisha kuona kivuli cha mtu kikiangukia tangazo linalomtafuta muuaji, pale pale mtoto anapochezea mpira wake. Mama hajaona. Anachungulia ngazi, anaita jina. Kamera inatuonyesha ngazi tupu, dari tupu zinapoanikwa nguo, sahani tupu mezani. Halafu mpira unabingirika kutoka kichakani na kusimama, na puto lililonunuliwa na mgeni linanaswa katika nyaya za simu. Mauaji hayaonyeshwi kamwe. Hayakuwa na haja ya kuonyeshwa, maana mtazamaji aliyatenda mwenyewe kichwani mwake.

Katika filamu hiyo hiyo muuaji ana desturi ya kupiga mluzi wimbo mmoja wa Edvard Grieg. Baada ya kuusikia mara moja au mbili, hatuhitaji tena kumwona. Mluzi unatosha. Kipofu auzaye maputo ndiye anayemtambua, kwa kuwa yeye, kama sisi, amejifunza kuujua mluzi. Tangu hapo sauti nayo ikawa njia ya kumpa mtazamaji maarifa.

Bomu katika basi

Aliyeyakusanya mafunzo haya yote na kuyaeleza kwa maneno ni Alfred Hitchcock, aliyezaliwa London mwaka 1899 na kufariki Marekani mwaka 1980. Katika mahojiano marefu na mwongozaji wa Kifaransa François Truffaut, yaliyofanyika 1962 na kutolewa kitabu 1966, alitoa mfano ambao kila mwalimu angefaa kuujua. Watu wameketi mezani wakizungumza mambo ya kawaida. Ghafla bomu linalipuka. Watazamaji wameshtuka kwa sekunde kumi na tano. Lakini wakiwa wamemwona mtu akilitega bomu, na wanaiona saa ukutani, mazungumzo yale yale matupu yatawashika roho kwa dakika kumi na tano. Mshtuko na taharuki, basi, si ndugu. Mshtuko huzaliwa na kutojua. Taharuki huzaliwa na kujua.

Hitchcock alikuwa amekwisha kuionja kanuni hiyo, utamu na uchungu wake. Katika filamu yake Sabotage ya mwaka 1936, mvulana anatumwa kupeleka furushi mjini, wala hajui kwamba ndani yake mna bomu lililotegwa kulipuka saa saba na dakika arobaini na tano mchana. Mchuuzi wa barabarani anamkamata na kumfanyia maonyesho ya bidhaa zake; maandamano yanaziba njia; anapanda basi, na basi linakwama katika msongamano. Kamera inarudia furushi, saa, furushi, saa. Mvulana anachezea mtoto wa mbwa wa abiria mwenzake. Kisha bomu linalipuka, na mvulana anakufa. Watazamaji walikasirika, na Hitchcock mwenyewe alikiri baadaye kwamba alikosea. Funzo lake ni kwamba taharuki ni kama deni. Aliyewafanya watu wangoje kwa uchungu amekopa kwao, naye hana budi kuwalipa kwa nafuu fulani.

Katika Notorious ya 1946 aliipa kamera kazi ya kunong'ona. Karamu kubwa imejaa watu, na kamera iko juu karibu na dari. Inashuka polepole, bila kukatwa, inawapita wageni wote, mpaka inafika kiganjani mwa mwanamke mmoja aliyeshika ufunguo wa stoo ya mvinyo, alioutoa kwa siri katika funguo za mumewe. Wageni wanaona karamu. Sisi twaona ufunguo. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama, lakini kamera ya Hitchcock huwaambia wenye macho watazame, tena mahali pamoja tu.

Katika Rear Window ya 1954 mpiga picha aliyevunjika mguu ameketi dirishani, na kamera karibu muda wote imefungwa naye chumbani mwake. Mchumba wake anaingia katika nyumba ya jirani wanayemshuku kuwa amemuua mkewe. Twamwona jirani akirudi, akipita ukumbini, akiufikia mlango. Mgonjwa hawezi kupiga kelele, nasi hatuwezi. Amekuwa kama mtazamaji wa sinema: anajua yote, hawezi lolote.

Na katika Psycho ya mwaka 1960 aliipima tabia yetu. Mwanamke ameuawa. Kijana mwenye hoteli anaisafisha damu, anautia mwili katika gari, na kulisukuma gari katika kinamasi. Gari linazama, ghafla linasimama, paa lake bado liko juu ya matope. Kijana anaacha kutafuna peremende zake. Hapo mtazamaji hujikuta naye ameshusha pumzi gari linapoendelea kuzama, yaani amefurahi kwamba ushahidi wa mauaji umepotea. Lile alilolifanya Griffith mwaka 1915 kwa nia ya kusifu uovu, Hitchcock alilifanya ili mtazamaji ajigundue mwenyewe.

Kizazi kilichofuata kilirithi somo hilo. Steven Spielberg alipotengeneza Jaws, iliyotoka 1975, papa wa mitambo aliharibika mara kwa mara katika maji ya chumvi. Kwa sababu hiyo papa haonekani kwa sehemu kubwa ya filamu. Mahali pake twaona kamera iliyowekwa usawa wa maji, twaona mapipa ya manjano yakivutwa juu ya bahari, na twasikia noti mbili za muziki wa John Williams. Watoto watundu wanapowatisha waogaji kwa pezi la bandia, muziki haupo: masikio ya mtazamaji mwangalifu yamekwisha kuambiwa kwamba hapo hakuna papa.

Walionena kwamba hatutaelewa

Kwa nini historia hii ituhusu sisi wa Afrika ya Mashariki? Kuna sababu iliyo karibu zaidi ya tunavyodhani. Kati ya 1935 na 1937 mradi wa filamu za elimu uliendeshwa kutoka Vugiri, katika milima ya Usambara, Tanganyika, na filamu zake zikaonyeshwa pia Kenya, Uganda, Nyasaland na Rhodesia ya Kaskazini. Mwaka 1939 serikali ya Uingereza iliunda idara ya filamu za makoloni, na kiongozi wake wa utengenezaji, William Sellers, alishikilia rai kwamba Mwafrika wa kijijini asingeweza kuifuata filamu yenye kurukaruka. Kwake yeye, kamera itulie, hadithi iende polepole hatua kwa hatua, wala pasiwe na hila za ukataji. Kwa maneno mengine, watazamaji wetu wapewe "kisha", wasipewe "huku".

Rai hiyo ilikanushwa mijini bila mjadala. Watu wa Zanzibar, Dar es Salaam, Mombasa na Kampala walijaza majumba ya sinema kutazama filamu za Kihindi, za Kimisri na za Kimarekani, zenye mbio, mikato na saa za hatari, wala hawakuhitaji kufundishwa. Wangehitajije, nao wamelelewa na watambaji? Mtambaji anapowaambia watoto kwamba zimwi limejificha nyuma ya mlango, kisha akamleta msichana akija taratibu na mtungi wake kichwani akiimba, amekwisha kuwapa watoto maarifa ambayo msichana hana. Sauti yake inapopungua kasi, ndiyo kamera inayosogea karibu.

Waandishi wetu nao waliijua njia hiyo. Riwaya ya Faraji Katalambulla iliyotoka mwaka 1965 ilikichukua chombo kile kile cha 1909 na kukiweka katika jina lake: Simu ya Kifo. Kabla yake Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale ya mwaka 1960, alituletea Bwana Msa, mpelelezi anayeyaweka mawazo yake moyoni mpaka mwisho. Hapo msomaji anajua machache kuliko mpelelezi. Hilo ni fumbo, nalo lina utamu wake; tusilichanganye na taharuki, ambamo msomaji anajua mengi kuliko anayehatarishwa.

Yafaa basi, walimu wenzangu, tulitengeneze upya jibu lile la daftarini. Tunapofika katika sura ya riwaya au tamthilia yenye msisimko, tuwaulize wanafunzi maswali matatu. Nani anajua nini mpaka ukurasa huu? Tunaambiwa kutoka upande wa nani, na uso wa nani umefichwa? Na tunafanywa tumwombee nani afike salama? Swali la kwanza litawafundisha ufundi. La pili litawafundisha kusoma. La tatu litawasaidia siku watakapokaa mbele ya picha yoyote, ya sinema au ya siasa, mioyo ikienda mbio, na mtu fulani akiwa amekwisha kuchagua kwa niaba yao yupi ni mwokoaji na yupi ni adui aliye mlangoni.